Kompyuta Imewaka, Sauti ya Kogo Haimo

Boito,
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeota jua nje, si ndani ukivuta moshi wa jiko. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, ama umeipa jirani kama kawaida yako? Kwa simu siku hizi husikii vizuri, ndiyo maana nimeandika, dada Shiru akusomee polepole. Mimi ni mzima wa mwili. Mvua ya huku hainyamazi na majani ya chai yamekubali, lakini roho yangu haijatulia, Mama, na hapa sina wa kumwambia.

Unamkumbuka Chebet, yule aliyenipa chumba nilipokuja huku mgeni na kamera yangu, hata salamu ya Kikipsigis siijui. Alilelewa na nyanyake, ambaye sote tulimwita Kogo. Mapema mwaka huu walifanya koito, ile siku wazee wa pande mbili hukaa kuzungumzia mahari, na mimi ndiye niliyechukua video. Kwao binti haketi na wazee siku hiyo. Chebet alikuwa jikoni akipakua wali wakati Kogo aliposimama akambariki, maneno marefu, wazee wakiitikia. Hakusikia hata moja. Familia ikaniambia niiweke tu hiyo video mpaka harusi ya Desemba, niwape zote kwa flashi moja. Kogo hakuingoja Desemba. Tumeshamzika.

Baada ya mazishi Chebet alikuja studio yangu. Akaniambia, "Wazee wananiambia tu ati alinibariki vizuri. Vizuri aje? Mimi nataka maneno yenyewe." Nikamwambia yapo. Na kweli wakati huo yalikuwepo.

Wiki hiyohiyo radi ikapiga karibu na soko. Stima ikapotea, na iliporudi kompyuta yangu ikakataa kuwaka. Skrini nyeusi, maandishi meupe, inajaribu na kurudi palepale. Sikushtuka sana. Kompyuta inaweza kukataa kuwaka na vitu vilivyo kwenye diski yake ya ndani viwe vizima kabisa, kama nyumba iliyokwama kufuli. Unatoa diski, unaiunganisha na kompyuta nyingine, unachukua vitu vyako. Nikapanga kuipeleka Kericho, na kwa vile paa la studio linavuja, nikaiweka kwanza nyumbani kwa Chebet.

Kumbe Kiprono, mchumba wake, alikuwa ananihurumia. Nikiwa kanisani akaifunga kwa blanketi, akaipakia kwa pikipiki yake mpaka Chepilat kwa fundi anayemjua. Na mafundi wengi wa huku, Mama, wana dawa moja kwa kila kompyuta isiyowaka: wanapiga Windows upya, na vyote vilivyokuwemo vinafutika. Fundi hakuuliza kuna nini ndani, na Kiprono hakujua kuna la kusema. Akarudi amejaa tabasamu. "Sista, imewaka! Nilitaka kukusapraizi." Imewaka kweli, kama imetoka dukani. Ndani hakuna kitu, na kadi ya kamera nilishaifuta zamani. Nilitaka kumtukana nikashindwa, maana alikuwa bado anatabasamu.

Kericho nilipata fundi mwanamke, mtu mzima, mpole. Kwanza akaniuliza kama nimeitumia tangu siku hiyo. Nikasema sijaigusa. Akasema afadhali, kwa sababu kila kipya unachoweka kinakaa juu ya cha zamani. Wewe husema maji yakimwagika hayazoleki. Nilipomwambia hivyo, akacheka, akasema haya huzoleka kiasi, bora tu uwe hujapiga deki. Akaitoa diski, akaiunganisha na mashine yake, programu ikaanza kuchokora. Mafaili yalirudi bila majina, maharusi wa watu wamekatika nusu. Video za koito ziliharibika zote isipokuwa kipande kimoja.

Jana Chebet na Kiprono walikuja wote wawili. Nilimwambia Chebet ukweli kabla sijawasha, kwamba baraka haimo. Kiprono akasema, "Ni mimi niliipeleka Chepilat." Chebet akavuta kiti karibu na skrini. Tukatazama. Wazee wanabishana kuhusu ng'ombe mmoja, wanacheka, mursik, yale maziwa yao ya mgando, inazungushwa. Kogo haonekani, yuko pembeni ya kamera. Anasikika akikohoa, halafu anamwambia mtu, "Nipishe nisimame." Hapo picha inaganda.

Chebet akasema, "Rudisha pale anakohoa." Nikarudisha. Akasema tena. Kiprono akatoka akasimama nje kwenye mvua, na hakuna aliyemwita. Mimi niliendelea kurudisha mpaka nikashindwa kuangalia skrini. Walipoondoka, Chebet alitangulia peke yake na flashi ya kile kipande mkononi. Sijui kama harusi ipo. Waombee, Mama, hasa yule kijana, kwa sababu alitaka kusaidia tu.

Nisalimie Baba, na umwambie asipande ngazi kukata matawi kabla kaka Mwangi hajafika. Msalimie nyanya yetu Cucu, na shangazi Njoki anayetuchungia mbuzi, na mama mchungaji.

Na wewe Shiru unayesoma, ukimaliza usiikunje barua kwanza. Washa simu yako umrekodi Mama. Atakuambia hana la kusema. Mrekodi hivyohivyo, akisema hana la kusema.

Ni mimi binti yako,
Wangari