Besi Yako Imepigwa Ruiru

Ndugu yangu Barasa,

Ni mimi Nekesa, dada yako mdogo. Nakuandikia kutoka hapa Thika, katika nyumba yetu ileile ya kambi ya kahawa. Vidole vimevimba lakini moyo umejaa. Jumamosi nilipiga besi yako harusini Ruiru. Ndiyo, mimi!

Unakumbuka ulivyoiunda? Sanduku la chai, ubao wa mlango wa choo, na ule waya mnene ulioung'oa kwenye baiskeli ya Baba bila kumwambia. Jumapili Baba akapanda baiskeli, Biblia kwapani, akateremka kuelekea mtoni akibana breki ambayo haipo. Tulimkuta katikati ya mibuni, kofia inaning'inia juu, anauliza, "Nani amekula breki yangu?" Wewe ukakimbilia kwa shangazi siku tatu. Mimi nikabaki nikilalia besi ili Baba asiione.

Uliponifundisha nilisimama juu ya debe ndiyo niifikie shingo yake. Nilipoanza, kuku walihama. Mnyapara akaja mbio akidhani mashine ya kahawa imekatika mkanda! Malengelenge yakaniota, nikalia. Ukasema, "Besi haisemi mengi, Nekesa. Lakini ikinyamaza, wachezaji wote wanajikwaa."

Kisha homa ikakuchukua. Tuliporudi kutoka kukuzika nyumbani kijijini, wenzako wa bendi walikuja kuchukua besi. Nikaikumbatia. Shikuku, yule wa gitaa, akacheka: "Msichana na besi? Itamwangusha." Nilipiga wimbo ulionifundisha mpaka mwisho. Alipoinua uso, alikuwa analia.

Basi Jumamosi tukaenda Ruiru na bendi. Barasa, wee! Nilipogusa waya mara ya kwanza, uwanja mzima ukainuka. Mama mmoja Mkikuyu akapiga kelele, "Ngai! Mungu wangu! Hako kasichana kanapiga kama wanaume watatu!"

Baba alikuwa ameketi nyuma, mikono amekunja. Tangu tukuzike hajacheka. Wimbo wa tatu, akasimama. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheza, ndugu yangu, vumbi likatimka, koti akalitupa, akawa anawaambia watu asiowajua, "Huyo ni binti yangu! Alifundishwa na mwanangu!"

Nilikosea noti mbili hapo. Macho yalikuwa yamejaa maji.

Sasa wananiita mwenye besi. Ule wimbo uliouacha nusu nimeumaliza. Shikuku anasema ni mzuri.

Lala salama, mwalimu wangu. Krismasi nikifika nyumbani, sitakuja kaburini na maua. Nitakuja na bendi nzima.

Dada yako,
Nekesa