Vidole Vilivyokataa Kusomeka

Shikamoo, mama.

Nimezoea kukuamkia kwa simu, na "marahaba" yako kuja pamoja na mlio wa mafuta kwenye chuma chako cha kupikia. Leo nakuamkia kwa kalamu na hakuna wa kuitikia. Nitaendelea tu, maana kuna jambo uliondoka ukiwa unalijua nusu.

Ni ile habari ya namba. Kila tulipozungumza uliniuliza, "Hiyo namba yako imetoka?", kwa sauti ile ile ya kumuulizia mgonjwa wa jirani, nami nikakujibu inashughulikiwa. Mwanafunzi mgeni akifika huku Dubai anapimwa afya, anachukuliwa alama za vidole, halafu ukaazi wake unapitishwa na anapewa kitambulisho, ambacho wenyewe wanakiita hawiya. Kwenye hawiya kuna namba, na bila namba hiyo hakuna anayeweza kukuajiri. Chuo kilikuwa kimeshanipa barua ya kuniruhusu kufanya kazi baada ya masomo. Kampuni moja ya mizigo karibu na uwanja wa ndege ilikuwa imeshanikubali, saa chache kila jioni, za kutosha ada ya mwaka wa pili. Sir, ndivyo tunavyomwita meneja, aliniambia nilete namba kabla ya mwisho wa mwezi, nisipoleta wapo wengine. Nisingepata kazi, ningerudi Tanga na masomo nusu.

Basi nikakaa mbele ya mashine kwenye ofisi ya vitambulisho, nikaweka vidole vinne vya mkono wa kulia juu ya kioo. Taa ikawaka nyekundu. Dada wa pale, Mwarabu mwenye haraka lakini si mkali, akavifuta kwa kitambaa, akavibonyeza yeye mwenyewe. Nyekundu tena. "Mafi basma," akasema, yaani alama hakuna. Akakigeuza kiganja changu, akavitazama vidole kwa karibu, kisha akanitazama usoni, akamwita mkubwa wake.

Huyo mkubwa hakukaa. Aliniuliza nafanya kazi wapi. Nikasema sifanyi kazi, mimi ni mwanafunzi. Akasema vidole kama hivi anaviona kwa mafundi wa simenti, haviji na wanafunzi. Nikafahamu anachokitafuta: mtu anayefanya kazi bila kibali na kujificha nyuma ya chuo. Sikuwa na la kutunga. Nikamwambia ni chapati.

Wewe unajua, lakini mweleze mtu wa ofisini akuelewe. Tangu shule ya msingi nilikuwa nakaa pembeni yako barazani, wewe unasukuma, mimi nageuza kwa mkono mtupu. "Geuza, usiiogope. Ukiiogopa ndiyo itakuunguza." Mwiko uliuona ni kitu cha wapishi wa hoteli. Wenzangu walinitania kwamba nimekuwa mwali wa jikoni, kisha wakaja kula. Vidole vikaungua, vikapona, vikaungua, mpaka vikaacha kusikia moto, na mimi nikaona fahari. Hata huku niliendelea. Kila Ijumaa niliwapikia Waganda wawili wa ulinzi ninaokaa nao chumba kimoja mtaa wa Rashidiya.

Mkubwa alinisikiliza bila kutabasamu. Akaandika kitu kwenye kompyuta, akaniambia nipumzishe vidole, nivipake mafuta, nirudi baada ya wiki mbili. Vikikataa tena, akasema, atalipeleka jambo langu juu. Hakusema juu ni wapi, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Nilipokupigia nilikueleza ya vidole tu, ya mkubwa nikayaacha. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Tia mafuta ya nazi, na usiguse jiko la mtu." Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu. Wiki haikuisha, mjomba Saidi akapiga simu. Presha, akasema. Barazani, mikono ikiwa na unga.

Sikuja, mama. Najua yanayosemwa mtaani, kwamba mtoto wa kiume kashindwa kuja kumtia mamake mchanga kwa sababu ya Dubai. Wewe nisikilize. Ukitoka nchini kabla ukaazi haujapita, kibali ulichoingilia kinafutwa na unaanza upya, kwa gharama ambazo wewe mwenyewe ulijua tulivyozihangaikia. Na ukaazi wangu ulikwama kwa sababu vidole havikusomeka. Vingesomeka siku ile ya kwanza, pengine ningekuwa kwenye ndege. Nilikaa kitandani nikavitazama, nikakukasirikia. Nasema wazi. Saa ambayo wanawake walikuwa wanakukosha kabla ya kukuvika sanda, mimi nilikuwa nimekukasirikia wewe uliyenifundisha kugeuza, na nikimaliza kukukasirikia nalia, na nikimaliza kulia naanza tena.

Hitma yako ilisomwa nyumbani kwa Bi Zuwena, yule mzee wa Unguja anayeishi huku miaka mingi, ambaye ulinituma kwake na mfuko wa visheti. Ilikuwa Jumapili baada ya Alasiri, na Jumatatu asubuhi ndiyo nilitakiwa kurudi kwenye mashine. Nilikuwa nimevitunza vidole kama mayai. Hata chai nilisubiri ipoe.

Tulikuwa ukumbini tunasoma, kila mtu na juzuu yake, harufu ya chapati inayoungua ikaingia kutoka jikoni. Nikajaribu kusoma. Ikaja tena. Nikaweka msahafu, nikaenda. Wapwa wa Bi Zuwena walikuwa wanahangaika na mwiko, chapati nene, ngumu pembeni, nyeusi katikati. Za hitma yako, mama. Zako wewe. Mkono ukaenda wenyewe, nikahisi joto la chuma kwenye kiganja, na Bi Zuwena akanidaka kifundo.

"Hebu kaa kitako, mwanangu. Mkono huo kesho una kazi."

"Bibi, ni hitma ya mama."

"N'najua ya nani. Angekuwepo angekutia kofi. Khalas, kaa."

Nikakaa kwenye kiti kando ya mlango wa jikoni, mikono yenye mafuta juu ya magoti, nikaziangalia chapati zikiungua moja baada ya nyingine. Wageni walikula, wakakuombea, wakasifu mapishi kwa adabu. Hakuna aliyejua chapati yako ilivyo. Nilikuwa sijawahi kukaa bure karibu na jiko linalowaka, na siku niliyokaa ilikuwa hiyo.

Jumatatu nilimkuta dada yule yule. Mkono wa kulia, vidole vinne, taa ya kijani. Wa kushoto, kijani. Dole gumba likakataa. Akalifuta, likakataa. Nikasikia hatua nyuma yangu, yule mkubwa amekuja kusimama begani, na nikawaza sir, ada, barua ya chuo, begi langu chini ya kitanda. Dada akanishika dole kwa vidole vyake, akalikandamiza polepole kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kijani. "Yalla, khalas," akasema, yaani haya, tumemaliza, akamwita anayefuata. Yule mkubwa aliondoka.

Imetoka, mama. Namba imetoka. Nilimpelekea sir ndani ya mwezi, na jioni hizi nabandika karatasi kwenye mizigo inayokwenda kila pahali.

Lakini lililonifanya niandike si hilo. Ijumaa iliyopita Waganda wangu waliniomba chapati. Nikakanda kama ulivyonifundisha, nikasukuma, nikatupa ya kwanza kwenye chuma. Ilipoanza kufura nikapeleka mkono, ikaniunguza, nikaurudisha haraka. Nikachukua kijiko. Nimegeuza chapati kwa kijiko, mama. Vidole vimepona, mistari imerudi, na kile ulichonitia kwa miaka yote kimetoka kwa mafuta ya wiki chache. Wenzangu walikula bila kujua kwa nini nimegeukia dirishani.

Hasira imekwisha. Nilitaka ulisikie hilo kwangu.

Mungu akuweke pahali pa baridi, wewe uliyekaa mbele ya moto umri wako wote. Ukaazi umepita, sasa naweza kutoka na kurudi. Chuo kikifunga nitakuja. Nitaanza kwako makaburini, kisha nitakwenda barazani niwashe lile jiko, niwapikie waliokuja kukuzika nami sikuwapo. Kwa mkono mtupu. Itaniunguza, najua, na sitaurudisha.

Hawiya ina tarehe ya kwisha, na siku hiyo vidole husomwa upya. Wakiniita tena kwenye kile kioo, na wapate tabu kunisoma.

Mwanao,
Bakari