Neno la Pili la Brigedia

Salisbury, 9 Machi 1961

Mpendwa shemeji Loveday,

Nakusalimu kwa upendo. Natumaini goti lako limepata nafuu na binti yako Jenna ameacha kukohoa. Mimi ni mzima, ila nyumba hii imenyamaza mno.

Jumanne tulimzika Brigedia Strode. Jeneza lilivutwa juu ya gari la mzinga, nami, mtumishi wake wa miaka kumi na sita, nilitembea nyuma nikibeba mto wenye nishani zake. Nilikuwa nimezing'arisha asubuhi. Mchungaji alieleza safari yake yote: luteni jangwani, kapteni Sisilia, meja Italia, hadi kuwa brigedia. Alikawia zaidi kwenye nishani ya Italia, ya siku ile aliyokufa kaka yangu Petroc. Alisema Meja Strode aliita mizinga ipige hatua chache tu kutoka alipojificha, akavunja shambulio la Wajerumani.

Maua yako yalifika. Najua ulimpenda Brigedia kwa ile barua yake ya rambirambi, kwamba Petroc aliuawa na Wajerumani na hakuteseka. Kwa ajili ya barua hiyo ulimwokea keki kila Krismasi. Sikuwahi kukuambia ilivyoliwa. Aliwaalika maofisa wenzake wa zamani, akamaliza kipande cha kwanza, kisha akaninyooshea sahani na kusema, "Rudia, Trewin!" Walicheka hadi kufuta machozi. Mwaka jana mmoja aliwaambia wenzake wainame chini ya meza, maana Trewin ameshalisikia lile neno. Nami nilikata kipande cha pili.

Utajiuliza kichekesho kiko wapi. Kwetu watu wa mizinga, "rudia" kwenye redio ina maana moja tu: pigeni tena palepale. Ambaye hakusikia vizuri husema "sema tena". Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza, na aliyekosea alisafisha vyoo.

Siku ile mwendesha redio wa Meja nilikuwa mimi. Mizinga yetu ilikuwa imelipiga shamba la mizeituni na kunyamaza, na kikosi cha Petroc kikaingia humo. Sauti ya wenzetu wa mizinga redioni ikawa inakatika. Sikuelewa walichosema, nikajibu, "Rudia."

Mizinga minane ikarudia. Tulipoteza watu kumi na mmoja, shemeji, na Petroc alikuwa mmoja wao. Wajerumani waliokuwa wakiingia upande wa pili nao waliangamia, na hao ndio walioandikwa kwenye nishani.

Meja aliniambia kwa upole kabisa kwamba tangu sasa amri ile ilikuwa yake, si yangu, na nikifungua mdomo nitafikishwa mbele ya mahakama ya jeshi, nawe utaambiwa ni nani aliyekufanya mjane. Kisha akanikalisha nipige chapa ile barua ya rambirambi. Yeye alitia saini tu. Vita vilipokwisha alinichukua nyumbani kwake, ili nisiwe mbali na macho yake.

Sasa hayupo wa kunitisha, na nimegundua kwamba miaka yote hii nilimwogopa yeye ili nisikuogope wewe.

Huna haja ya kujibu, wala usinitumie keki. Msalimie Jenna, kama utaona inafaa. Ila siku utakayooka tena, ukifika kwenye ule ukingo wa keki ulioungua ambao Petroc alikuwa akitunyang'anya, nikumbuke na mimi.

Shemeji yako,
Denzil Trewin