Aliyekata Pini ya Tatu

Kitale, Jumatano jioni

Kaka Simiyu,

Tulikupoteza siku ya Jumanne, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, ndani ya ukumbi wa dansi wa hoteli ya wazungu hapa Kitale, ukiwa umeshika mpini wa mashine ya kusugua mazulia. Ni miaka minne na miezi miwili sasa. Jumamosi ya wiki ile ile tukapoteza na jina lako, kule nyumbani Myanga. Uhai wako sina wa kumdai. Wa kumdai jina lako nimempata.

Nianze na Jumamosi hiyo, maana wewe ulikuwa chini ya udongo na mimi nilikuwa Jinja, barua ya msiba haijanifikia. Nekesa mkeo ndiye aliyenisimulia. Ulizikwa Alhamisi, Jumamosi watu wakakaa kunyolewa nywele za msiba. Unajua desturi yetu siku hiyo: mwenye neno lolote kuhusu kifo husimama akalisema mbele ya wote, na lisipopingwa hapo, linabaki limesimama. Basi Barasa, yule nyapara wenu wa hoteli, alikuwa amekuja na lori kutoka Kitale, koti jeusi, kofia mkononi. Akasimama. "Wazee, mimi sina kinyongo na marehemu. Lakini kweli ni kweli. Simiyu alikuja kazini na busaa kichwani. Mashine haikumuua, pombe ndiyo ilimuua."

Wazee wakauliza mara tatu kama kuna mwingine mwenye neno. Nani angejibu? Mjane anakaa ameinamisha uso. Mama alikuwa hajiwezi. Mimi nilikuwa Jinja nikivuta nyaya kwenye nguzo. Neno likasimama, na bado limesimama. Mwalimu wa kanisa akakataa kengele ipigwe kwa ajili yako. Nekesa alipewa siku mbili kutoka kwenye chumba chenu cha hoteli, na siku moja kati ya hizo ilikuwa Jumapili. Binti yako Nafula yuko darasa la nne sasa, anashinda wavulana kwa hesabu, na bado wakigombana mtoni anaambiwa, "Nenda huko, mtoto wa busaa." Mwezi uliopita alimpiga mmoja kwa mtungi. Nilimgombeza mbele ya watu. Tulipobaki wawili nilimuuliza kama mtungi ulivunjika.

Sasa nikueleze yaliyotokea, halafu nina swali.

Nilirudi kutoka Jinja mwaka uliofuata. Nina meza yangu hapa Kitale, kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja wa vyuma. Nilianza na bisibisi mbili na koleo yako, ile yenye meno yaliyolika upande mmoja. Leo nashughulikia mashine za nyumba kumi na moja za masetla, hospitali, na hoteli mbili, lakini si ile. Za kufyonza vumbi na za kusugua kwa povu. Hakuna aliyeniwekea meza hii. Lakini ulichonifundisha chumbani kwenu ile miaka mitatu, ndicho ninachokula.

Nakumbuka ulivyonifunga macho kwa taulo ya hoteli na kuniwekea ncha ya bisibisi sikioni, upande wa pili umegusa mota. "Sikiza. Huyu analia kwa beringi au kwa makaa?" Nikikosea unanipiga kisogoni. Makaa ya mota, vile vipande vyeusi vinavyopitisha umeme, yakibaki robo inchi, badilisha, usingoje cheche. Brashi ya duara ichanwe kwa uma. Uma wenyewe uliuiba jikoni kwa wazungu, na ulikuwa wa fedha! Tangi lioshwe siku hiyo hiyo, kwa sababu povu likilala ndani linakula valvu. Na ile mashine kubwa ya ukumbini uliiita Mama Mkwe. "Huyu hasimamiwi mbele, hajibiwi, na akipiga kelele wewe inama tu." Siku ile meneja mzungu alikuuliza kwa nini mnacheka, ukamwambia tunafurahia kazi, bwana. Akakuamini!

Na waya wa ethi, ule wa kijani, unaoupeleka umeme uliotoroka chini ardhini kabla haujampata mtu. Wewe ulikuwa unauacha mrefu kuwazidi wenzake kwa inchi mbili, umekunjwa ndani ya mpini kama nyoka aliyelala. "Kamba ikivutwa, hizi mbili zikatike kwanza. Huu uwe wa mwisho kufa." Sijaona fundi mwingine Kitale anayefanya hivyo. Nimefungua mashine arobaini na tatu, nazikumbuka zote.

Ya arobaini na nne ililetwa wiki iliyopita, siku ya Ijumaa.

Ililetwa na mwanamume mnene mwenye saa ya mfukoni, kwa rikwama. Hoteli ilikuwa imeuza vitu vyake vya zamani kwa mnada, naye akanunua mashine, na sasa anazunguka kusafisha mazulia ya masetla na ya maduka. Anasifika. Kanisa lake hapa Kitale linataka kumfanya mzee wa kanisa mwezi ujao. Akasema, "Fundi, huyu mama amechoka, havuti povu. Mimi ni Barasa, nilikuwa nyapara kule hotelini." Hakunijua. Angenijuaje? Alianza kazi hotelini nikiwa nimeshakwenda Jinja, siku ya kunyoa sikuwepo, na hapa wananiita Fundi Jinja. Nikamwambia karibu mzee, kaa. Nikampa kiti. Nikampa na chai, Kaka.

Nikaigeuza ile mashine na kuiona alama yako chini ya tangi, mikwaruzo saba, mmoja kwa kila mara uliyoifungua. Nikashika kamba nikaenda nayo mpaka mwisho. Plagi ina pini mbili. Ya tatu, ile nene ya ethi, imekatwa kwa msumeno, ikabaki kisiki cha shaba.

Sikuuliza hata. Yeye mwenyewe aliona naangalia, akacheka. "Ah, hiyo isikusumbue, bana. Niliikata mimi. Soketi ya pale ukumbini upande wa jukwaa ilikuwa ya matundu mawili, na kesho yake kulikuwa na dansi, meneja ananipigia kelele zulia halijasuguliwa. Nikaikata jioni, nikaichomeka asubuhi, nikamwita fundi wao aje asugue. Ati pini ya tatu ni ya nini? Si umeme unaingia na moja na kutoka na nyingine?"

Nikamuuliza ilikuwa lini. Akafikiri. "Ah, zamani. Ule mwaka fundi wao alikufa."

Aliyasema haya na chai yangu mdomoni. Nilimtazama vizuri usoni, Kaka, maana ninajua kupima. Hakushtuka. Mpaka leo hajajumlisha moja na moja! Au alijumlisha siku nyingi, akaizika hesabu mahali ambapo hata yeye haendi.

Alipoondoka niliifungua. Chini ya mpini waya mmoja wa umeme ulikuwa umesuguliwa na chuma mpaka ngozi ikaisha, nusu inchi, halafu mtu mwingine, baada yako, akaufunga kwa utepe. Hapo ndipo umeme ulipotorokea. Na kando yake waya wako wa kijani umekunjwa, inchi mbili za ziada, mzima kabisa, haujaguswa. Ungekuokoa. Ulikuwa umeuandalia kila kitu, nao ulikuwa unangoja, lakini kule mwisho wa kamba mtu alikuwa ameshaukata ulimi kwa msumeno.

Nilikaa na mashine hiyo siku mbili bila kuigusa.

Nisikufiche nilichowaza. Barasa anasugua mazulia miguu mitupu, suruali imekunjwa mpaka magotini, ili asiharibu viatu. Niliwahi kumwona kwa macho yangu kwenye duka la vitambaa, kabla sijajua ni nani. Zulia limelowa, mpini wa chuma, volti mia mbili na arobaini. Sikuhitaji kuongeza kitu. Ningebandua tu utepe, inchi moja, na kumrudishia mashine jinsi alivyoipenda yeye, pini mbili. Asingeweza kumlaumu mtu. Jumatatu nilikuwa nimeshashika ncha ya utepe kwa kucha.

Kilichonizuia si huruma. Usije ukawaambia wenzako huko kwamba ndugu yako amekuwa laini. Nilipiga hesabu. Barasa akifa, neno lake halifi naye. Litabaki limesimama pale Myanga milele, kwa sababu neno la siku ya kunyoa analiondoa aliyelisimamisha, kwa mdomo wake. Maiti haiwezi kusema nilikosea. Kwa hiyo namtaka hai. Namtaka mzima wa afya, na koti lake jeusi, mbele ya watu wale wale, na aone haya mpaka saa yake ya mfukoni isimame. Halafu aende kwa kanisa lake, awaambie wamfanye mzee.

Basi nimeitengeneza. Nimebadilisha waya wote, valvu, makaa mawili, na plagi mpya ya pini tatu. Nimechana brashi. Inanguruma vizuri, ungeinama. Nimemwambia Barasa kwamba Jumamosi nitakuwa na shughuli nyumbani, aje aichukue Myanga akija pande za Bungoma. Amekubali, akanishukuru. Sikumwambia ni boma la nani; akilikumbuka, atakuwa ameshafika uani. Wazee nimewaita, saba kati ya wale tisa wa siku ile. Wawili wamekufa, huenda mmeonana. Mwalimu wa kanisa atakuwepo. Mhindi wangu naye anakuja na gari lake, kwa sababu siku ile ya chai alikuwa nyuma ya kaunta na alisikia kila neno. Nekesa atakaa kwenye kiti safari hii, uso juu. Plagi ya zamani iko mfukoni mwangu imefungwa kwa karatasi. Nitaiweka mezani, nimwombe Barasa awasimulie wazee ile hadithi ya soketi ya matundu mawili, aicheke kama alivyoicheka kwangu. Akimaliza ndipo nitawaambia mimi ni nani.

Nimeipanga yote. Lakini kuna sehemu moja haikai.

Jana, nilipokwenda Myanga kuwaita wazee, nilimweleza Nekesa, nikifikiri ataruka kwa furaha. Badala yake akasema, "Shemeji, Barasa akikuuliza kwa nini fundi mzima hakuangalia plagi, utamjibu nini?"

Na ni kweli. Kabla ya bisibisi, kabla ya taulo, kabla ya Mama Mkwe, somo la kwanza kabisa ulilonipa lilikuwa hilo. Kwanza plagi. Usiguse mpini kabla hujashika plagi kwa mkono wako ukahesabu pini. Ulinifanya nihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama mtoto wa shule, mtu mwenye ndevu. Miaka mitatu sikukuona ukiruka hatua hiyo hata siku moja. Jumanne ile uliruka.

Barasa alikuwa ameshaichomeka, labda nyuma ya pazia la jukwaa, ukaamini. Labda meneja alikuwa anakupigia kelele. Hayo ninajiambia mwenyewe. Lakini siku iliyotangulia, Jumatatu, ndugu za Nekesa walikuwa wakitahiri kule ng'ambo ya kijiji cha Kwanza, na ulienda, na busaa ilikuwepo. Nekesa alirudi mapema na watoto. Nilimuuliza ulirudi saa ngapi, na katika hali gani. Akasema alikuwa amelala. Nekesa halali wewe ukiwa nje, Kaka. Namjua, nawe unamjua.

Nisikilize sasa. Pini aliikata yeye, ukiwa umekunywa au hukunywa. Hiyo haibadiliki. Mlevi aliyeshika mashine yenye pini tatu angerudi nyumbani kulala. Hilo nitalisema kwa vyovyote, na Barasa atalimeza mbele ya mjane wako. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na unajua siahidi kitu ambacho sijakipima. Lakini wazee watanitaka pia niapie ile nusu ya pili, kwamba ulikuwa na akili zako timamu. Nikiapa kwa uongo pale juu ya kaburi lako, nitakuwa nimefanya kama Barasa, nimesimamisha neno nisilolijua. Nikikataa kuapa, watoto wa mtoni watakuwa na la kusema mpaka Nafula aolewe.

Mama anasema huwa unamjia alfajiri, unasimama mlangoni, husemi kitu. Kwangu hujaja hata mara moja. Sikulaumu, nilichelewa kuzika. Lakini sasa njoo. Nitalala Myanga kuanzia kesho, kwenye nyumba yako, kitanda cha upande wa dirisha. Sitaki ishara, sitaki ndege wa kulia juu ya paa, sitaki nianze kubahatisha. Nataka neno moja.

Lala salama, Kaka. Koleo yako naitunza, naitia mafuta kila Jumapili.

Barasa anafika Jumamosi saa nne asubuhi. Kabla ya saa nne, nijibu: ulikunywa, au hukunywa?

Ndugu yako,
Wafula