Jibu la Tatu

Binti yangu mpendwa Riziki,

Niwie radhi kwa kukuandikia kabla sijajua barua hii itakufikia wapi. Ninaiandika Kingi, mbele ya ordinateri ya parokia, kompyuta ile tuliyokuwa tukiandikishia wakimbizi wa vita.

Unakumbuka jinsi programu tuliyoletewa ilivyokuwa ngumu: ilipokea jina moja tu, ikajibu yupo au hayupo. Wewe uliyesomea mambo hayo Butembo uliandika kipande kidogo cha kuchomeka ndani yake, ukakiita fonksio. Kwa kuwa programu haikukubali kupokea zaidi ya kitu kimoja, ulifunga majina yote ya mtu katika kifurushi kimoja: la ubatizo, la nyumbani, la mtoto wake wa kwanza, na la kijiji. Kisha ukaipa fonksio jibu la tatu: bado anangojewa.

Nilikataza isichomekwe. Nilisema, kama mapadri walivyotufundisha, kwamba swali jema hujibiwa ndiyo au siyo. Ulicheka.

"Papa, weye mwenyewe uko na majina ine! Marehemu mama alikuwa anakuita Bwana Nukta. Na kukosa kuona muntu si kusema haiko."

Juma lile akaja mwanamume wa kijiji cha Mpofi.

"Papa, natafuta Mama Furaha."

Kwa heshima hakutaja jina la ubatizo la mkewe. Nami, kwa haya, sikumwuliza. Niliandika kama alivyosema, nikamjibu, "Hayupo." Alivua kofia, akanishukuru, akashika njia ya Walikale, ile inayopita kijijini kwake. Siku mbili baadaye, katika mstari wa maharagwe, mwanamke tuliyemwandikisha kwa jina la Marta aliitwa na jirani yake: "Mama Furaha, sogea basi, utalala hapo?"

Hukunilaumu. Ulichomeka fonksio yako, ukajifunga kitenge, ukasema unamfuata yule baba. Ilinipasa kwenda mimi. Magoti yangu yalikuwa udhuru, nami niliukubali upesi mno. Unisamehe.

Mwanamume yule amefika kwa mkewe bila wewe, akaniambia: "Papa, dada alinikuta Mpofi. Alisema, 'Bibi yako iko Kingi, twende.' Mu njia masasi ya bunduki ikalia, tukatawanyika." Alinishika mikono yote miwili.

Tangu hapo, kila asubuhi, ninafunga kifurushi chako na kukiingiza katika fonksio: Riziki, Dada wa Ordinateri, kama wakimbizi wanavyokuita, Kingi, na lile jina la utotoni ambalo mama yako peke yake alilitumia. Jana katekista aliniuliza kwa upole kama akutaje katika misa ya marehemu. Nilimwomba radhi, nikamgeuzia kioo cha ordinateri ili asome mwenyewe maneno uliyoyaandika kwa mkono wako: bado anangojewa.

Alisoma, akafuta jina lako katika karatasi yake.

Njia ikifunguka, mwanangu, usipite kwingine. Ni mimi baba yako, Bwana Nukta, ambaye barua hii ameshindwa kuifunga kwa nukta