Mipini ya Mkaratusi

Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Mvua imekata tangu saa nne, udongo umelegea, kila mwenye mkono yuko shambani hata kama ni siku ya Bwana. Mimi nimekaa ndani. Nina hasira, na daftari hili ndilo peke yake lisilonijibu.

Mwalimu wa kisomo alituambia tuandike kila siku mstari mmoja ili mkono uzoee. Wenzangu wanaandika, Leo nimekula ugali. Mimi naandika ukurasa, nikitaka naandika miwili. Katika darasa letu la watu wazima hakuna mzee aliyenipita, na waliojaribu wamerudi kwenye pombe.

Waulize watu kuanzia Itaka mpaka Isansa, mpini ni wa nani? Watakutajia jina langu kabla hujamaliza kuuliza. Baba yangu alifua majembe, na majembe yake yalilima mashamba ya mwene, chifu wetu wa zamani. Siku hizi jembe linatoka kiwandani, linafika duka la kijiji limepakwa rangi, lakini linafika bila mpini. Hapo kiwanda kinakwisha, mimi naanza.

Mimi nakata mninga mwezi wa sita. Nachonga kwa shoka, namalizia kwa tezo, kisha mpini napandisha kwenye uchaga juu ya moto wa jikoni. Unakaa pale unakula moshi mwaka mzima. Mke wangu, Mama Ezekia, amelalamika miaka yote kwamba anapika chini ya msitu. Apike tu. Ukishakauka ndipo nautoboa kwa chuma cha moto, mkia wa jembe unaingia kwa kugongwa, na hautoki tena mpaka mwenyewe azikwe.

Sasa hawa vijana wa kijiji.

Wako kumi na wawili. Kiongozi wao ni Tabitha, mtoto wa marehemu mdogo wangu, msichana mwembamba mwenye mdomo wa mwenyekiti. Waliamua kununua baiskeli ya kupeleka wagonjwa hospitali ya Vwawa. Nikawauliza, wagonjwa wa zamani walikwendaje? Mimi nilimbeba baba yangu mgongoni, mto na mlima, na akafika.

Mwezi wa nane walikuja kwangu niwafundishe kuchonga, wauze mipini wapate hiyo baiskeli. Tabitha akapiga goti.

"Shikamoo, baba mkubwa. Tumekuja kuomba ujuzi."

Nikasema ujuzi si chumvi, hauombwi kwa jirani. Nikawaambia waende kwa huyo aliyewafundisha kuimba wakati wageni wa Chama wanapokuja, awafundishe na kuchonga. Walipofika kwenye ua nilimsikia mmoja akisema, "Mzee huyu atazikwa na tezo yake."

Kweli. Nitazikwa nayo.

Hili linalofuata sijamwambia mtu. Wiki ile ile nilipita nyuma ya shule nikawakuta wanakata mikaratusi. Mibichi kabisa, maji yanachuruzika kwenye gome. Mkaratusi mbichi ukichongwa ukaachwa juani unapasuka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Kila mchongaji anajua, na mchongaji hapa ni mmoja. Nilisimama. Tabitha akainua kichwa akaniangalia. Nikaweka mikono nyuma, nikasema, "Kazi njema," nikaenda zangu.

Kazi njema. Ndiyo niliyowapa.

Kisha wakauza. Mimi sijaona mtu akiuza namna ile. Walipita nyumba kwa nyumba wakiimba, wakaenda na gulioni Itaka. Mmoja anasalimia, mmoja anashika mpini anaonyesha, mmoja anaandika kwenye karatasi jina la mnunuzi na jina la balozi wake wa nyumba kumi. Nilicheka. Mpini umekuwa mtoto, unaandikwa ubatizo?

Hata Mzee Nzunda akanunua kwao, miwili. Nzunda ni jirani yangu wa mpaka wa shamba, nimemchongea tangu hajaota ndevu. Nilipomwuliza hakuona hata haya.

"Wale wamenifuata nyumbani wakanisalimia," akasema. "Wewe nakufuata mimi, halafu unanitukana."

Mimi simtukani mtu. Namwambia alivyo.

Uchaga wangu ukabaki umejaa. Msimu mzima walikuja watu watatu, na mmoja alikuja kuomba moto.

Alhamisi mvua ikanyesha, ya kwanza. Ijumaa asubuhi watu wote wakaingia shambani, na kabla jua halijapanda mipini ya mkaratusi ikaanza kulia huku na huku, ta, ta. Kichwa kinapasuka, mkia wa jembe unalegea. Jembe la Nzunda lilichomoka likaruka likaanguka karibu na mbuzi wake, mbuzi akakata kamba. Nilicheka mpaka kifua kikauma. Mama Ezekia akatoka jikoni akaniangalia.

"Umepata mtoto?"

"Bora kuliko mtoto."

"Haya," akasema, "na watu wasipopanda wiki hii utacheka mwezi wa nne, wakija kuomba mahindi."

Mwanamke huyu ana njia ya kuharibu chakula kikiwa mdomoni.

Nikasubiri vijana wakimbie. Nilijua watakimbia. Kijana wa siku hizi akikosea anapanda lori mpaka Tunduma, anabeba mizigo ya watu wa Zambia, anarudi baada ya miaka miwili na miwani ya jua, hakuna anayekumbuka. Jana sikuwaona. Nikasema, si mnaona?

Leo wametoka kanisani wote kumi na wawili na majembe ya mama zao, yenye mipini yangu. Wameshika ile karatasi ya majina. Wanaingia kwa kila aliyeandikwa, wanasema kosa ni letu, tulikata mti mbichi, tuonyeshe shamba. Halafu wanalima, mpaka sehemu ambayo mwenyewe angelima kwa siku mbili zilizopotea imekwisha. Kisha wanakwenda kwa jina linalofuata.

Saa nane wakafika kwa Nzunda. Nilikuwa upande wangu wa mpaka, nikajifanya naangalia mihogo.

"Mmekuja kuniuzia nini leo?" Nzunda akawauliza. "Jeneza la mkaratusi?"

"Tumekuja kulima, babu," Tabitha akasema. "Mpaka uko wapi?"

"Mpaka uko pale anapojificha baba yako mkubwa."

Wakacheka kidogo, kwa adabu, wakainama. Aliwatukana mstari wa kwanza wote na wa pili. Mstari wa tatu akaanza kuwaondolea mawe. Wa nne akamwita mkewe alete kande.

Lakini hawakuimba. Hicho ndicho kilichonirudisha ndani. Wakati wa kuuza waliimba mpaka mbwa wakachoka. Leo hakuna wimbo, majembe tu.

Nimejaribu kuwachukia tangu saa nane na bado nawachukia. Wameharibu jina la mpini. Wamenipokonya wateja kwa nyimbo. Hayo yote ni kweli na sifuti hata neno. Lakini kuna jambo lingine, nalo nitaliandika mara moja tu.

Kabla hatujahamishiwa kijijini, mwaka ambao mvua iliwahi na wateja walijaa uani kwangu, uchaga uliishiwa. Mtu wa Isansa, jina lake Simbeye, alikuja na haraka zake. Nikamchongea mti niliokata juzi yake. Nilijua. Nikausugua majivu na mafuta ili uonekane umekula moshi. Mpini ulipasuka shambani kwake, jembe likamwangukia mguuni, vidole viwili vikaenda. Hakuja kunishtaki. Alituma salamu kwa mwanamke aliyekuwa anapita. "Mwambieni fundi jembe lake lina meno."

Tangu siku hiyo, nikienda Isansa siendi kwa njia ya juu, maana inapita mlangoni kwake. Napita bondeni, kwenye matope, nazunguka. Mama Ezekia nilimwambia njia ya juu ina nyoka. Miaka yote hii.

Hawa watoto wana majina ya watu wengi kwenye karatasi, na leo wamepita milango mingi. Mimi nina jina moja tu na halihitaji karatasi, na mlango huo sijaupita.

Jioni hii Tabitha amekuja, matope mpaka magotini. Nilidhani amekuja kuomba mipini. Nilikuwa nimeshatayarisha matusi. Akakaa kwenye kigoda cha chini, akasema wamekuja kwangu mwisho kwa sababu na mimi wamenikosea. Watu wa gulioni sasa wanasema mipini ya kijiji hiki haifai, na kijijini jina la mpini ni langu.

Nilikosa pa kuweka yale matusi. Nikasema, "Niliwaona mkikata."

"Najua, baba mkubwa. Nilikuona ukipita."

"Na hukuwaambia watu?"

"Ningewaambia nini? Shoka tulishika sisi."

Nilikasirika kuliko siku zote. Mtu anapokuwa na neno la kukupiga nalo, akaliweka chini, wewe unafanya nini na mikono yako?

Nikamwambia waje kesho alfajiri, wapande uchagani washushe mipini yote, wampelekee kila aliyeandikwa, na asitokee mtu wa kuniimbia. Nikamwambia mwezi wa sita tutakwenda kukata mninga, na atakayegusa mkaratusi nitamgusa yeye. Hakunishukuru. Akauliza tu ni kwa nini mninga unakatwa mwezi huo na si mwingine. Nilieleza mpaka Mama Ezekia akaja kutuambia ugali umepoa. Huyo msichana anauliza vizuri. Simpendi bado.

Mpini mmoja nimeushusha mwenyewe na kuuficha nyuma ya mlango. Ni ule mwekundu, umekula moshi miaka mitatu, mzuri kuliko yote niliyowahi kuchonga, na niliyowahi kuchonga ni mingi.

Sijui kama Simbeye yuko hai. Kama hayupo ana watoto, na watoto wake wanalima. Sijui nitasema nini. Vijana walisema kosa ni letu, wakauliza shamba liko wapi. Maneno machache. Mtu aliyefika hatua yangu ya kisomo anaweza kuyakumbuka.

Kesho, wakishamaliza kushusha, naenda Isansa na mpini huo na jembe langu begani. Nitapita njia ya juu.