Baba, Kinu Kimeshinda

Baba mpendwa,

Kinu kimeshinda. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza salamu: "Wacha hayo, matokeo je?" Ndiyo, mzee wangu. Kile chama chenu cha kaunti moja, kilichochekwa kila uchaguzi, kimechukua ugavana!

Unakumbuka ulivyokuwa ukichukua kinu cha mama, unakifunga nyuma ya baiskeli na kwenda nacho mkutanoni ili watu waone alama ya chama? Mama alisimama mlangoni na mchi mkononi. "Na sisi leo tutatwanga siasa?" Ulicheka tu, ukapiga pedeli. Mahindi yalilala bila kutwangwa, nasi tukala viazi.

Siku moja ya kuhesabu kura, zamani, ulikuwa wakala wa Kinu pale darasani, mimi nikichungulia dirishani. Karatasi inainuliwa, jina linatajwa, si lenu. Nyingine tena, si lenu. Mawakala wengine wakishindwa walitoka wakitukana. Wewe ulinyoosha shati, ukamwendea wakala wa walioshinda, ukampa mkono. "Hongera. Tutaonana tena." Aa, baba, nilitamani ugombane hata kidogo!

Nilipokuja Riyadh kuendesha gari, ulikuwa ukinipigia huku mtaani Malaz, na badala ya kuuliza kama nimekula, unanieleza wadi gani sasa inaelekea kwetu. Wenzangu chumbani, waliokubandika jina la Mwenyekiti kwa siasa zako, walikuwa wakisema, "Mwenyekiti huyo amepiga." Ulipofariki, kafili, mwajiri wangu wa huku, alichelewa kunipa ruhusa ya kusafiri. Ukazikwa bila mimi. Linaniuma mpaka leo.

Juzi nilikuwa Jeddah na madam ninayemwendesha. Nilikuwa nimeegesha mtaa wa Al-Baghdadiyah, namngoja aliyeingia dukani, matokeo yakaingia kwenye simu. Nilipiga kelele peke yangu mle garini. Halafu, kwa mazoea, nikabonyeza namba yako. Ikaita. Ikapokelewa!

"Baba, tumeshinda!"

Ikajibu sauti ya mwanamume nisiyemjua. "Ndugu, laini hii nimeinunua juzijuzi tu. Nani ameshinda?"

"Kinu."

Akashusha pumzi. "Kumbe wewe ni wa kaunti yetu. Mimi nilikuwa upande ule mwingine. Haya, hongera. Lakini tutaonana tena."

Yalikuwa maneno yako yaleyale, baba. Nikakata simu. Madam alirudi na mifuko yake akanikuta nalia, akashtuka, akauliza kuna nini.

"Mafi mushkila, hamna shida, madam. Baba yangu ameshinda uchaguzi."

"Mabruk! Sasa mbona unalia? Mpigie umpongeze."

Nikamwambia nimeshapiga, nikawasha gari.

Nimekukumbuka, baba, kuliko siku zote nilizokaa huku. Mkataba ukiisha nitakuja moja kwa moja mpaka pale ulipolala, na mizigo yangu mkononi, kabla hata sijaingia nyumbani. Mama ataelewa. Nitanyoosha shati kwanza.

Hongera, Mwenyekiti. Tutaonana tena.

Mwanao wa kwanza,
Riyadh